Reli Ilikufa, Njia Ikabaki: Kwa Baiskeli Kati ya Vilima vya Chaki

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa Waswahili waishio kusini mwa Uingereza

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa chini hapa mbele, hamjambo.

Nimekuja na ombi. Kusini mwa nchi hii tunayoishi kuna njia ndefu ambazo magari hayaruhusiwi kupita. Zinapita kando ya mito, zinapenya kati ya vilima vya chaki, na nyingine zinakufikisha mpaka baharini. Hazina kiingilio wala geti la kulipia. Mtoto wa miaka 8 anaweza kupiga pedali humo bila mama yake kushika roho. Lakini kila ninapopita huko nasikia Kiingereza, nasikia Kifaransa, nasikia hata Kipolandi, na ni nadra sana kusikia mtu akiniitikia "salama". Wengi wetu tumekaa hapa miaka mingi na tunaijua njia ya kwenda kazini, ya kwenda dukani na ya kwenda uwanja wa ndege, basi. Naomba msimu huu tubadilike, na ili mkubali, ngoja niwaeleze njia hizi zimetoka wapi, maana hazikuota zenyewe.

Tuanze na ardhi. Vilima vinavyoitwa South Downs vimeanzia karibu na Winchester, vikaenda mashariki mpaka Eastbourne, pale majabali meupe ya Beachy Head yanaposimama mita 162 juu ya maji. Weupe ule ni chaki. Ni mabaki ya viumbe wa baharini wadogo mno, wasioonekana kwa macho, waliokuwa wakifa na kutua chini ya bahari iliyolifunika eneo hili kwa mamilioni ya miaka, kati ya takriban miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita. Baadaye sana Afrika ilisukuma kuelekea kaskazini na kuibana Ulaya. Msukumo huo ndio ulioinua milima ya Alps, na nguvu yake iliyobaki ikafika mpaka huku, ikaikunja ardhi ya kusini mwa Uingereza ikavimba kama chapati kwenye kikaango. Kisha mvua na mito ikala sehemu ya juu ya uvimbe ule. Kilichobaki ni kingo mbili za chaki zinazotazamana: North Downs upande wa kaskazini, kwenye mji wa Guildford, na South Downs upande wa bahari. Katikati yake ni bonde pana la udongo wa mfinyanzi na mchanga.

Kwa hiyo yeyote kati yetu anayedhani vilima hivi havimhusu Mwafrika, ajue kwamba Afrika yenyewe ndiyo iliyoviinua.

Sasa sikilizeni jambo linalomhusu mwendesha baiskeli. Mito iliyokuwa ikishuka kutoka juu ya uvimbe ule haikugeuka ilipokutana na ukingo wa kusini. Iliukata. Arun, Adur, Ouse na Cuckmere, kila mmoja umejichongea mlango wake katika ukuta wa chaki mpaka ukafika baharini. Ukisimama juu ya kilima unaiona milango hiyo wazi kabisa: kilima, pengo, kilima, pengo. Wajenzi wa reli wa karne ya 19 walipotaka kuifikia pwani waliyaona mapengo hayo hayo. Garimoshi halipendi mlima. Magurudumu ya chuma juu ya chuma huteleza, na injini ya mvuke huishiwa nguvu. Basi mto ulitangulia, reli ikaufuata mto, na leo baiskeli imerithi njia ya reli. Ndiyo maana mtu asiye na mazoezi, mwenye baiskeli ya kawaida ya gia chache, anaweza kuvuka vilima hivi bila kushuka akasukuma.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni Downs Link, yenye urefu wa kilomita 59. Inaanzia chini ya kilima cha St Martha, karibu na Guildford, na kuishia Shoreham-by-Sea, ikiunganisha ile North Downs na South Downs. Ndani yake zimo reli mbili zilizokufa. Ya kwanza ilitoka Guildford kupitia Cranleigh, ikafunguliwa mwaka 1865. Ya pili ilishuka na mto Adur kupitia Steyning mpaka Shoreham. Mwaka 1963 ilitoka ripoti ya Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli, iliyopendekeza kufunga stesheni zaidi ya 2,000 na maelfu ya kilomita za reli zilizoonekana hazilipi. Reli ya Cranleigh ilifungwa mwaka 1965, na ya Steyning mwaka 1966. Vyuma vikang'olewa, mataruma yakabebwa, nyasi zikaota kwenye majukwaa ya stesheni.

Kuna mahali kwenye njia hiyo ningependa kila mtoto aliyeko hapa apelekwe. Ni karibu na kijiji cha Rudgwick, pale njia inapouvuka mto Arun. Utaona daraja juu ya daraja: chini tao la matofali, na juu yake daraja jingine la chuma, mto mmoja huo huo. Kisa chake ni hiki. Reli ilipokuwa inakamilika, mkaguzi wa serikali, Kanali Yolland, alikuja kupima. Akakuta stesheni ya Rudgwick imejengwa kwenye mwinuko wa 1 kwa 80, yaani kila unapokwenda mita 80 unapanda mita 1. Akasema hapana, behewa likiachiliwa hapa litaserereka lenyewe. Akaagiza mwinuko upunguzwe uwe 1 kwa 130, la sivyo stesheni haifunguliwi. Ili kulaza mwinuko ikabidi tuta lote linaloelekea mtoni linyanyuliwe kwa takriban mita 3. Daraja la matofali lilikuwa limekwisha kujengwa, sasa liko chini mno, na wao wakaamua kuliacha pale pale na kujenga jingine juu yake.

Nimelirefusha hilo kwa makusudi. Mwinuko wa 1 kwa 80 ambao yule kanali aliukataa, wewe juu ya baiskeli karibu usiutambue. Miguu yako inafaidi ukali wa mkaguzi aliyekufa zamani, na jasho la vibarua walioubeba udongo ule kwa makoleo na mikokoteni. Majina yao hayakuandikwa popote kwenye njia. Kazi yao unaikanyaga kila mzunguko wa pedali.

Utaona tofauti ukifika Baynards, kaskazini kidogo ya hapo. Reli ilipita kwenye handaki chini ya kilima. Handaki limezibwa, na njia ya baiskeli imelazimika kupanda juu ya kilima chenyewe. Ni kipande kifupi, lakini ndipo utakapoelewa garimoshi lilikuwa linakwepa nini. Wazee, hapo shukeni mtembee, hakuna aibu. Upande wa kaskazini wa kilima, kabla ya kuanza kupanda, mtakuta stesheni ya zamani ambayo sasa ni nyumba ya watu.

Baada ya hapo njia ni tulivu kwa masaa. Slinfold, Southwater, West Grinstead, Partridge Green, Henfield. Matuta yaliyofunikwa na miti, madaraja ya matofali ya kupita chini, malisho ya ng'ombe kushoto na kulia. Southwater kulikuwa na kiwanda cha matofali, na katika machimbo yake ya udongo ulipatikana mfupa wa Iguanodon, mnyama mkubwa wa kale, ndiyo maana ana sanamu pale mjini. Watoto watataka kupiga picha. Waacheni.

Halafu unafika Steyning, na hapo mambo yanaharibika. Natamani niseme vinginevyo. Mji huo ulihitaji barabara ya kupitisha magari pembeni, na pale reli ilipokuwa imelala ndipo magari yakapewa. Njia yako inakatika, unazungushwa pembeni kupitia Bramber, na kuna mahali pa kuvuka barabara ambapo magari yanakuja kwa kasi. Shukeni, shikeni watoto, mvuke kwa miguu. Hili silisemi kwa sababu ya usalama tu. Kipande kile kinaonyesha nini kingetokea kwa njia nzima. Ukanda wa reli ni mwembamba, na ukiuzwa hapa mita 100 kwa mwenye shamba, pale mita 50 kwa mjenzi wa nyumba, umekwisha, haurudi tena hata uwe na mabilioni. Downs Link ipo kwa sababu halmashauri za kaunti ziliushika ukanda ule badala ya kuuacha ugawanywe, na mwaka 1984 ikafunguliwa rasmi kwa watembea kwa miguu, farasi na baiskeli. Miaka ile ile, mjini Bristol, kikundi cha wananchi kilichoanza mwaka 1977 kilikuwa kinajenga njia ya baiskeli juu ya reli iliyofungwa kati ya Bristol na Bath, na wengi wa waliochimba na kumwaga kokoto walikuwa watu wa kujitolea. Kikundi hicho ndicho kilichokuja kuitwa Sustrans, na mwaka 1995 kikapewa pauni milioni 42.5 za bahati nasibu ya taifa kujenga mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima. Wakati huo watu waliwaambia baiskeli ni kitu kilichopitwa na wakati.

Mkisharudi kwenye njia baada ya Bramber, mto Adur unakuwa pembeni yenu, na kilomita chache zinazofuata ndizo zinazonifanya nirudi kila mwaka. Hapa ndipo lile pengo nililowaeleza. Vilima vinasimama pande zote mbili, vina majani mafupi yaliyolishwa na kondoo kwa karne nyingi, na wewe uko katikati kwenye usawa wa maji. Maji ya bahari yakijaa, mto unajaa na kutulia. Yakitoka, unaona matope yanang'aa na ndege wanachokoa. Mashariki ya mto kuna kiwanda cha saruji kilichofungwa mwaka 1991, na nyuma yake machimbo makubwa, kilima kimekatwa na chaki iko wazi. Wengine wanaliona doa. Mimi nawashauri mlitazame vizuri, kwa kuwa ni mahali adimu pa kuona kilima kimejengwa na nini kwa ndani: nyeupe, nyeupe, na ndani ya weupe mistari myeusi ya jiwe gumegume.

Mwisho kabisa kuna daraja la mbao la Shoreham, lililojengwa karne ya 18 na kutozwa ushuru kwa kila aliyevuka. Magari yalizuiliwa mwaka 1970. Leo ni la miguu na baiskeli peke yake, na ukilivuka unasikia mbao zikigonga chini ya tairi.

Njia nyingine nitazipitia haraka, isipokuwa moja.

Hiyo moja ni ya bonde la Meon, mkoa wa Hampshire, kilomita kama 16 kutoka Wickham hadi West Meon. Meon ni mto wa chaki. Mvua inayonyesha juu ya vilima haikimbii juu ya ardhi, inazama ndani ya chaki, inachujwa taratibu, kisha inatoka chini kwenye chemchemi ikiwa safi, ya baridi, karibu kiwango kile kile mwaka mzima. Mito ya namna hii ni michache sana duniani, na mingi kati yake iko Uingereza. Reli ya bonde hili ilifunguliwa mwaka 1903 kwa matarajio makubwa, ikajengwa imara kupita mahitaji, na abiria hawakuja. Huduma ya abiria ilikoma mwaka 1955, kabla hata ya Beeching. Daraja kubwa la chuma la West Meon liliuzwa kama vyuma chakavu, ndiyo maana njia inaishia pale inapoishia.

Lakini katikati yake ipo stesheni ya Droxford. Mwanzoni mwa Juni 1944, siku chache kabla ya majeshi kuvuka bahari kwenda Normandy, garimoshi la Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, liliegeshwa pale kimya kimya, kijijini, kati ya mashamba. Tarehe 4 Juni De Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokuwa wakipigana na Ujerumani, aliletwa hapo akaambiwa uvamizi uko tayari. Ndani ya msafara ule alikuwemo pia Jan Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini, yule yule ambaye mwaka 1916 aliongoza majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani, vita vilivyomaliza wapagazi wetu kwa njaa na maradhi. Nikipita Droxford huwa nasimama. Historia yetu imepita mahali pengi ambapo hatukutegemea kuikuta.

Upande wa mashariki kuna Cuckoo Trail, kutoka Heathfield kushuka mpaka viunga vya Eastbourne, kama kilomita 22. Haipiti kwenye chaki yenyewe, inaishia chini ya vilima, lakini kwa familia yenye watoto wadogo sijaona bora kuliko hiyo. Anzieni Heathfield, maana kwa sehemu kubwa ni mteremko wa taratibu. Jina lake limetokana na ndege kekeo, kwa Kiingereza cuckoo, kwa sababu inasimuliwa kwamba zamani kwenye gulio la Heathfield mwezi Aprili bibi kizee alifungua kikapu akamwachia kekeo wa kwanza wa majira ya kuchipua. Tangu mwaka 2011 watafiti wamekuwa wakiwafunga kekeo wa Uingereza vifaa vidogo vya satelaiti, wakaona ndege hao wanakaa hapa wiki chache tu, kisha wanavuka Sahara na kwenda kwenye misitu ya bonde la Kongo. Ndugu zetu mliotoka Kongo, mkimsikia huko Heathfield, huyo ni wa kwenu kwa miezi mingi zaidi kuliko wa hapa.

Kwa wenye miguu migumu, ipo South Downs Way, kilomita 160 juu ya mgongo wa vilima kutoka Winchester hadi Eastbourne. Hii si ya reli. Inapanda na kushuka kila inapokutana na pengo la mto, na ukijumlisha mipando yote unakaribia mita 4,000. Ni njia ya farasi, na sheria ya mwaka 1968 inakupa haki ya kupita humo kwa baiskeli ili mradi uwapishe wenye miguu na wenye farasi. Juu huko hakuna mto wala kijito, chaki imekunywa yote, kwa hiyo bebeni maji. Mtamsikia kipozamataza akiimba angani bila kumwona. Na kwa anayetaka kutoka nje ya nchi, meli ya Newhaven inavuka kwa muda wa saa 4 mpaka Dieppe, Ufaransa, na hapo nje kidogo ya mji, Arques-la-Bataille, inaanza njia nyingine ya reli iliyokufa hadi Forges-les-Eaux. Chaki ni ile ile, bahari imeikata tu. Kituo cha kupumzika ni Neufchâtel-en-Bray, wanakotengeneza jibini yenye umbo la moyo.

Kabla sijaja kwenye mambo ya vitendo, niseme neno kwa wanaotoka Mtwara, Masasi na Nachingwea. Nyinyi mnajua reli iliyokufa ni nini. Waingereza waliijenga ile ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao wa karanga, mradi ukaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma kung'olewa. Leo Kenya na Tanzania zinajenga reli mpya za kisasa, na vipande vya reli ya zamani vitaendelea kuachwa. Wenye sauti nyumbani waulize mapema: ukanda ule ukiachwa utabaki wa nani? Swali hilo likiulizwa baada ya viwanja kugawiwa, limechelewa.

Sasa vifaa. Msikimbilie dukani kununua baiskeli ya maelfu. Tairi ziwe pana kidogo, maana njia nyingi ni kokoto zilizoshindiliwa, na majira ya baridi kwenye udongo wa mfinyanzi ni matope. Bebeni tyubu mbili za akiba, viraka na pampu, kwa sababu vipande vya gumegume vina makali ya wembe na pancha ni lazima siku moja ije. Chaki ikilowa inateleza kama sabuni, kwa hiyo kwenye mteremko mweupe baada ya mvua msikamate breki ya mbele kwa nguvu. Mfunge kengele. Mkimkuta farasi, punguzeni mwendo, msemeshe mpandaji kwa sauti ili mnyama ajue ni binadamu, mpite mbali naye. Baiskeli inapakiwa kwenye treni bila malipo, lakini epukeni saa za asubuhi na jioni ambazo watu wanakwenda na kutoka kazini.

Na kina mama, nimesikia mkisema, "Huko mashambani watatutazama." Huenda wengine watatazama. Njia ni ya umma, mnalipa kodi zinazoitengeneza, na hakuna mwenye haki ya kuwauliza mnatafuta nini. Mara nyingi mtakachopata ni "good morning", na mtu wa kuwasaidia mkipata pancha.

Tutaanza na kipande chepesi. Jumamosi ya pili ya Mei, saa nne asubuhi, tukutane nje ya stesheni ya Shoreham-by-Sea. Tutavuka daraja la mbao, tutaupanda mto Adur ndani ya lile pengo mpaka Bramber, kwenye magofu ya ngome, tule tulichobeba, kisha turudi. Kwenda peke yake haifiki kilomita 10 na ni tambarare yote. Karatasi ya majina iko kwenye meza ile ya chai. Andika jina, andika kama una baiskeli au unahitaji kuazima, na kwa watoto andika urefu, siyo umri, ili tuwaletee baiskeli zinazowatosha.